Mpishi Aliyetangulia Kula

Mvua za kwanza zikishanyesha, akina mama hupanga uyoga kando ya barabara kuu pale Makambako, kwenye mabeseni na ndoo zilizofunikwa majani mabichi. Kila mwaka nanunua. Nafika nao nyumbani Mahongole, nauchambua mmoja mmoja juu ya ungo, halafu mara nyingi naumwaga nyuma ya choo na kupika maharage. Mume wangu ameacha kuuliza. Lakini mwaka ninapopata moyo wa kuupika, karanga zilizotwangwa zikianza kutokota nao na ule mvuke kunifika puani, huwa sipo tena jikoni kwangu. Nina miaka minane. Niko kwa bibi, kijijini nje kidogo ya Njombe, likizo ya Desemba, nimekaa mkekani na kaka yangu Obeid, mikono mapajani, na mwanamke mmoja mrefu anatafuna peke yake huku sisi wote tukimtazama koo.

Mwanamke huyo tulimwita Mpishi. Kijiji kizima kilimwita hivyo, kwa sababu alikuwa amewapikia wanafunzi wa bweni kwa miaka mingi kabla ya kurudi kuishi kwenye nyumba yake ya tofali, jirani na bibi. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, nikashangaa kwamba analo.

Baba yangu alikuwa seremala, mama alishona nguo. Mwaka mzima tulikula ugali na maharage, na dagaa mambo yakiwa mazuri. Kwa hiyo likizo kwetu ilikuwa chakula. Shule zikifungwa tulipanda basi la kwenda Njombe, na njiani Obeid na mimi tulitajiana vitu tutakavyokula: viazi vilivyopikwa na njegere, ugali wa ulezi, plamsi ambazo zilikuwa tamu zaidi zikiwa za mti wa jirani. Uyoga tuliutaja mwisho, kwa sauti ndogo. Tulikuwa tukiupenda kuliko vyote, na tulikuwa tukiuogopa.

Mikono ya bibi ilikuwa imekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, hakuweza kusonga ugali wa watu sita. Tukifika sisi, Mpishi alihamia jikoni kwake bila kuombwa. Asubuhi ya pili tulimkuta ameshainama mekoni, kitenge kimefungwa kifuani, na mwiko mrefu wa kupikia shuleni ambao aliondoka nao alipostaafu. Hakutukumbatia. Alitushika vidole vya mikono, kimoja kimoja, kama anayekagua, akasema, "Mmekonda," na kurudi kwenye moto.

Alikuwa na sheria moja tu, na ilihusu uyoga. Ukiiva, alijipakulia yeye kwanza, sahani ya kujaa, akala wote, akafuta mchuzi kwa tonge la mwisho. Halafu akaketi kwenye kigoda mlangoni, mgongo kwetu, akitazama kivuli cha paa kikisogea uani. Sufuria ilikaa katikati yetu, imefunikwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata baba.

"Mpishi, watoto wana njaa," baba alimwambia siku moja. Tulikuwa tumekaa muda mrefu mpaka ugali umeota ngozi.

"Wasubiri. Bado sijafa."

Hakusema kwa utani. Alisema kama mtu anayekujibu ni saa ngapi. Kivuli kilipofika kwenye jiwe la kuanikia vyombo, alinyanyuka, akajinyoosha, akajipapasa tumbo kwa viganja viwili, akasema, "Haya." Hapo ndipo tulipokula. Uyoga uliopoa, karanga zimegandia juu kama mafuta ya mshumaa, na mpaka leo sijala kitu kitamu namna ile.

Kesho yake alfajiri alikuja tena. Baridi ya kule unaijua ukiwa umelala chini ya mablanketi matatu na bado pua inauma. Ukungu ulikuwa mlangoni kabisa. Tulisikia kikohozi chake nje, halafu sauti: "Mmeamka wote?"

Mama alijibu kutoka kitandani, "Tumeamka, Mpishi."

"Watoto?"

"Wameamka."

"Wasikike."

Ikabidi tuitike, Obeid kisha mimi, ndipo viatu vyake vya mpira visikike vikiondoka kwenye majani yenye umande. Sisi tuliona ni kichekesho. Tulimwigiza mchana kutwa, tukibishana nani aitike kama maiti.

Kijiji kilikuwa na namna yake ya kuishi naye. Msibani hakupewa mwiko. Mtu aliyekuwa ameivisha chakula cha mamia ya wanafunzi alikalishwa na wazee upande wa nje, akaletewa chai. Mabinti waliokuwa wakipika walizihamisha sufuria taratibu akipita karibu, na yeye alijifanya haoni. Nilimuuliza bibi kwa nini. Bibi akasema, "Watu wana midomo," akaniagiza kuni.

Lakini msimu wa uyoga watu wale wale walikuja kwenye uzio wake na vikapu. Hawakuingia ndani. Walisalimu kwa Kibena, "Kamwene!" naye akatoka, akapokea kikapu juu ya miti ya uzio, akamwaga kila kitu kwenye gunia na kuanza kuchambua. Alitumia mgongo wa mkono kupapasa, pua kunusa, na mwisho kidole gumba chini kwenye shina. Mbovu aliutupa kwenye shimo lililokuwa na majivu, mzuri akaurudisha kikapuni. Hakuna aliyebaki kupiga soga. Walishukuru wakiwa wameshageuka. Wengine, nilisikia, walifika nyumbani wakaumwaga hata ule aliousafisha. Wengine waliula na kulala vizuri, na Jumapili wakakaa benchi jingine naye kanisani.

Bibi alikuwa mtu pekee niliyemwona akila naye kutoka sahani moja. "Nikila cha kwake," bibi aliwahi kumwambia mama, "huwa nalala usingizi."

Hakuwa mtu mwepesi kupendwa. Alikuwa mkali kwa ulevi wa wengine, na yeye mwenyewe hakupitisha Jumamosi bila kikombe cha ulanzi, anaunywa amesimama huku akikunja uso kama ni dawa. Aliimba kwaya ya akina mama kwa sauti nzito iliyowapoteza wenzake. Hakupokea sifa, ukimwambia chakula kitamu alijibu, "Chumvi hiyo." Hakuwahi kupika uyoga shuleni, hata mwaka mmoja. Nilimuuliza sababu akasema maharage hayana siri. Na alikuwa na uchungu wa ajabu kwa mtoto anayesusa kula. Ukisusa kwa hasira, aliiacha kazi yake, akapiga magoti mbele yako na tonge mkononi, mtu mzima yule, akakubembeleza mpaka uone aibu.

Siku Obeid alipoiba uyoga sufuriani, kipande kimoja tu, wakati Mpishi ametoka kuchota maji, tulidhani atachapwa. Mfuniko ulikuwa umekaa vibaya, aliugundua alipoingia. Akatutazama wote wawili, kisha akamfuata Obeid moja kwa moja. Hakumpiga. Alimshika kifundo cha mkono, akaketi naye chini, akamweka katikati ya magoti yake na kumkumbatia kwa nyuma. Akakaa naye hivyo. Wenzetu waliita nje wakacheze mpira, Obeid akalia, akaomba, akataka kukojoa. Alimpeleka chooni akiwa amemshika na kurudi naye. Mara kwa mara aliinamisha sikio tumboni kwake. Jua lilizunguka mpaka upande wa pili wa nyumba. Mimi nilicheka mpaka nilipomtazama mama. Mama hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, amekikunja, na macho hayamtoki mwanawe.

Nilijua habari yenyewe nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa nimekaa naye uani kwake, tunachambua, mvua imetoka kukatika. Nilimuuliza tu kwa nini anakula kwanza. Sikutegemea jibu.

"Nilikuwa nimegombana na mume wangu," alisema, akiendelea kupapasa. "Alinisema vibaya mbele ya wageni. Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu akaenda mwenyewe kuchuma, ili kunibembeleza. Alijua naupenda. Akapika mwenyewe, mwanaume wa Kibena wakati ule, akapika. Akaniita. Nilikuwa chumbani nimejifunika blanketi. Aliniita mara tatu. Halafu mtoto wa kwanza akaja kuniita, halafu mdogo. Nikasema sitaki chakula chenu. Nikawasikia wanakula. Nilisikia vijiko."

Alitupa mmoja kwenye shimo.

"Alfajiri wakaanza kutapika. Siku ya pili wakapata nafuu. Mdogo akaomba uji, akanywa, akanicheka kwa sababu kanga nilikuwa nimeivaa nje ndani. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Siku ya nne nilikuwa nimebaki peke yangu ndani ya nyumba hii."

Nilisema, "Pole, bibi."

"Watu walisema nimewapa sumu. Mke aliyenuna, chakula hakugusa, wenzake wote wamekufa. Hata mimi ningesema."

"Lakini kwa nini bado unachuma?"

"Watu hawataacha kula uyoga, Editha. Acha achume anayeuogopa."

Nilikuja kuwa muuguzi. Chuoni tulifundishwa kuhusu sumu, na siku walipofika kwenye uyoga niliacha kuandika. Mwalimu alieleza kwamba ule unaoua kweli hauonyeshi chochote saa za mwanzo. Mtu anakula, anashiba, anacheza, analala. Dalili zinakuja baada ya nusu siku au zaidi, halafu zinatulia kidogo kumdanganya, na huku ini linakwisha. Nilikaa pale nikiona kivuli cha paa kikifika kwenye jiwe. Kule kukaa kwake mlangoni kote hakukuwa kumetuhakikishia chochote. Miaka yote ile tulikula kwa kutegemea macho yake na kidole gumba chake, basi. Na yeye alijua. Ndiyo maana alfajiri alikuja kutuhesabu kwenye ukungu. Wiki ile nzima bwenini sikuweza kula kitu nisichokipika mwenyewe.

Bibi alifariki, kisha baba. Likizo zikaisha bila mtu kutangaza kwamba zimeisha. Nikaolewa, nikapata watoto wawili, Joshua na Lulu, na nilikuwa nikiwasimulia ule uyoga kila mvua zikianza, bila kuwasimulia yote. Desemba iliyopita Joshua, ambaye ana miaka tisa, alisema anataka kuuonja. Nikachukua gari la mume wangu, tukaenda.

Kwenye nyumba ya bibi sasa anaishi baba mdogo. Alitukaribisha vizuri. Nilipomuuliza habari za Mpishi akakuna shingo.

"Yupo. Amezeeka. Macho yameingia ukungu, na kichwa nacho kinakuja kinaondoka. Juzi kaniita kwa jina la marehemu baba yako." Halafu, tulipokuwa tunatoka, akaongeza, "Amesikia unakuja. Msalimieni tu, msikae sana."

Nilielewa alichomaanisha, nikakasirika kwa niaba yake. Nikasema moyoni kwamba ni wale wale wa uzioni.

Njiani kwenda kwake nilipotea kidogo, ingawa ni hatua mia. Bonde lilikuwa limebadilika. Ule msitu wa miti ya asili tuliokuwa tukichuma naye umefyekwa. Upande mmoja ni mashamba ya parachichi kwenye mistari, upande mwingine mipaina imesimama giza tupu mpaka chini mtoni.

Alikuwa mlangoni. Mrefu bado, lakini ameinama kama kuna kitu anatafuta chini. "Kamwene, Yustina," akasema.

Yustina ni mama yangu. "Shikamoo bibi. Mimi ni Editha, binti yake."

"Marahaba. Najua." Akashika vidole vya watoto kimoja kimoja. "Wamekonda, Yustina. Ingieni, nimeshapika."

Harufu ilinipokea kabla sijavuka kizingiti. Karanga na moshi na udongo uliolowa. Nawaambia ukweli, machozi yalinitoka. Nilikaa kwenye mkeka kama mtoto, nikaweka mikono mapajani, nikangoja ajipakulie.

Akawapakulia watoto.

"Bibi, wewe hujala," nikasema.

"Mimi nimeshakula tangu asubuhi. Kuleni kabla hakijapoa."

Hakuwahi kusema hivyo maisha yake yote. Nilimtazama akigeuka kutafuta kigoda kwa mkono, akikipapasa hewani. Nikauliza, kwa sauti niliyoilazimisha iwe ya kawaida, "Umechuma wapi siku hizi, msitu si umekwisha?"

"Hapo chini, kwenye mipaina."

Yeye mwenyewe ndiye aliyetukataza kuchuma chini ya miti tusiyoizoea. Kikapu kilikuwa karibu na meko, kimebaki na uyoga kidogo chini. Nikakivuta. Kulikuwa na mmoja mweupe, mzuri, umevaa pete shingoni, na chini ya shina una kifuko laini, kama soksi iliyoshuka.

Sikumbuki kusimama. Nilimpiga Joshua mkono, bakuli likaruka, mchuzi ukamwagika mkekani na kwenye gauni la Lulu. Lulu alikuwa bado anapuliza kijiko chake, nilimnyang'anya. Joshua alikuwa na kitu mdomoni.

"Tema! Umekula vijiko vingapi?"

"Viwili," akasema, na kuanza kulia. "Mama, viwili tu."

Mpishi aliuliza, "Kuna nini? Yustina, kuna nini?" Akageuza uso kutafuta sauti zetu. Kisha akanusa ule mchuzi uliomwagika, na nikaona uso wake ukielewa. Hakuniuliza tena. Alianza kutafuta viatu vyake vya mpira ukutani.

Niliwapakia wote kwenye gari. Ule uyoga nilikuwa nimeufunga kwenye leso. Hospitali waliwapa Joshua na Mpishi dawa nyeusi ya kunywa, wakawatoa damu, wakatuambia tusubiri. Wenzangu wa kazi walinijua, wakaniruhusu nikae wodini; wakasogeza vitanda viwili karibu. Lulu baba mdogo alikuja kumchukua. Mimi nilikuwa nimeshawahudumia wagonjwa wengi, nikadhani najua kusubiri. Sikujua. Kila Joshua alipokohoa nilisimama. Alipolala nilimgusa. Alipoomba maji nilimuuliza mara tatu kama tumbo linauma mpaka akasema linauma, akanionea huruma akasema haliumi.

Alfajiri Mpishi aliongea. Kichwa chake kilikuwa kimekuja, sauti ilikuwa ile ya zamani.

"Mtoto?"

"Amelala, bibi. Hajatapika."

"Mimi pia. Nilikula sahani nzima. Au nadhani nilikula. Editha, sina uhakika kama nilikula."

Nilishika mkono wake. Kwa kuwa aliniita kwa jina langu, nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu chuoni. "Kwa nini ulikuwa ukitusubirisha pale mlangoni? Ulijua kabisa kwamba huo muda hautoshi."

"Nilijua."

"Sasa?"

"Safari ile walitangulia wao." Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Nikasema sitatanguliwa tena."

Siku ikapita, na usiku mwingine. Vipimo vya damu vikarudi vizuri, vyake na vya mtoto. Daktari alisema tumshukuru Mungu. Ama huo mmoja ulikuwa peke yake na haukuingia sufuriani, ama nilichanganya. Alitaka nimwachie auonyeshe wenzake, nikasema nimeutupa. Ulikuwa kwenye mkoba wangu.

Nikawarudisha. Joshua alilala kiti cha nyuma, mdomo wazi. Mpishi alikaa mbele, mikono mapajani, uso kwenye kioo, na milima ikipita ambayo sidhani aliiona. Tulipokaribia kijiji akasema, "Ulikuwa mkononi mwako, ule. Nipe."

Nilisimamisha gari pembeni. Nikafungua leso na kumwekea kiganjani. Ulikuwa umeanza kusinyaa. Akaupapasa kwa mgongo wa mkono, akaunusa, akashuka na kidole gumba polepole kwenye shina mpaka chini kwenye kile kifuko. Hapo kidole kikasimama.

"Ndio huu," akasema. "Ndio wenyewe."

"Ulikuwa kwenye kikapu tu, bibi. Haukuingia sufuriani."

"Niliuchuma. Niliushika kama ninavyoushika sasa, nikauweka na wengine."

"Lakini wote wazima. Hakuna aliyeumwa."

"Safari hii."

Alifungua dirisha, akaangusha ule uyoga barabarani, akajifuta mkono kwenye kitenge, mara nyingi, mbele na nyuma. Nikawasha gari. Tulipofika mlangoni kwake nilimshika bega kumsaidia kushuka, akakataa, akashuka mwenyewe kwa kupapasa mlango. Alisimama pale akitazama upande wa kiti cha nyuma, ambako mwanangu alikuwa anapumua.

"Ukiwaleta tena kunisalimia," akasema, "uwalete wameshiba."